Siku Uliyofunga Duka Twende Kuona Shule ya Mama

Kwako Baba yangu,

Jumapili iliyopita Mama alituacha midomo wazi mezani. Tulikuwa tumekusanyika kwake Kinoo baada ya kanisa, mimi na Kamau na wanangu wawili, na kama kawaida mazungumzo yakaangukia siku ile uliyotupeleka kumwona chuoni. Hadithi hiyo huisimulia Kamau, ingawa hakumbuki hata nusu yake, na kila akiisimulia huongeza chumvi. Tulikuwa tunacheka. Mama akaweka kikombe chini, akapangusa mdomo, akasema, "Kuna kitu sijawahi kuwaambia. Siku hiyo mlinikuta nimeshafunga begi. Nilikuwa naacha shule kabisa. Na baba yenu alienda bila kujua."

Nikaweka uma chini, Baba. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nimeketi na sahani ya viazi mbele yangu, lakini nilijisikia kama msichana wa miaka tisa aliyetajwa jina darasani.

"Mama," nikasema, "Baba alijua. Mimi ndiye nilimwambia."

Ndiyo maana nakuandikia. Miaka yote ile mlilala kitanda kimoja, mkanywa chai kutoka birika moja, na kila mmoja wenu alikuwa na nusu ya siku hiyo. Mimi nilikuwa na nusu yako. Sasa nimepata ya Mama, na sina mtu mwingine ninayetamani kumpelekea habari hii ila wewe. Nisikilize basi, niianze mwanzo.

Unakumbuka miaka ile simu ya mkononi nyumbani ilikuwa moja tu, yako, nawe uliitundika kiunoni ndani ya kifuko cha ngozi kama bastola ya polisi. Duka lako la chakula cha ng'ombe na kuku lilikuwa pale kando ya barabara, na koti lako lilinukia pumba na molasi hata siku ya Krismasi. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nafasi ya chuo kikuu ilipomjia, Kamau alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea bila kushikilia viti. Watu walisema. Mzee mmoja wa kutoka Muthiga, mteja wako wa siku nyingi, alisimama dukani akakuambia mbele yangu, "Baba Nyambura, ukimsomesha bibi mpaka apate digrii, atakuacha." Nawe ulikuwa umeinama unafunga gunia, hukuinua hata kichwa. "Basi ataniacha akiwa na digrii," ukasema. Mzee akacheka, akalipa, akaenda zake.

Mwanzoni Mama alikuwa akienda na kurudi kila siku. Msongamano wa magari kwenye barabara ya Waiyaki Way ulimmaliza. Alifika nyumbani tumeshalala na kuondoka kabla hatujaamka, na mwaka wa kwanza ulipokwisha alikuwa amekonda mpaka sketi zikawa zinamzunguka kiunoni. Wewe ndiye uliyemwambia akae hosteli, aje wikendi. Nakumbuka alivyokuangalia. "Na watoto?" "Watoto wako na mimi, na Mueni yuko." Mueni alikuwa msichana wetu wa kazi, mpole, mcheshi, aliyeweza kumbeba Kamau mgongoni huku anasonga ugali.

Halafu ikaja Jumapili ile ya mwaka wa pili. Kamau alikuwa hajafika miaka minne. Alikuwa anaruka kwenye ngazi za baraza, akaanguka, akapasua goti. Mama alikuwa amekaa pale pale, hatua chache tu kutoka kwake. Alipiga magoti haraka, akafungua mikono. Kamau aliinuka akilia, akapita kando ya mikono ile, akakimbia mpaka jikoni, akamkumbatia Mueni miguu, akilia, "Mama! Mama!"

Mueni aliona haya hata akafunika uso. Mama alibaki pale chini, mikono bado imefunguka. Wewe ulikuwa mlangoni, Baba. Uliona. Jioni Mama aliondoka mapema kuliko siku zote, na wikendi iliyofuata hakuja. Alipiga simu kutoka kibanda cha simu cha chuoni, akasema mitihani imekaribia. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia karibu nawe, nikakusikia ukimjibu, "Ndiyo... ndiyo... wako sawa," kisha ukabaki umeshika simu sikioni, ukiangalia barabara, hata baada ya kukatika.

Wiki iliyofuata, Ijumaa tukiwa tunakula, ukasema kana kwamba unaomba chumvi, "Kesho hatufungui duka. Tunaenda kuona shule ya Mama."

Baba, hujui ulichonifanyia! Wewe hukufunga duka ila kwa Krismasi na matanga. Na Jumamosi! Jumamosi ndiyo siku Kinoo nzima ilinunua chakula cha mifugo. Nilimwambia Mueni, nikawaambia majirani, nikamwambia hata jogoo. Asubuhi tulioshwa kwenye karai mpaka masikio yakawaka moto, tukapakwa mafuta, tukavalishwa nguo za kanisa. Mimi niliwekewa utepe mweupe nywelani. Kamau alikataa viatu. Alitaka gambuti zake nyekundu, na jua lilikuwa linawaka na hakukuwa na hata tone la matope. Mueni akabembeleza, mimi nikafoka. Wewe ukasema, "Mwache avae. Ni miguu yake."

Tulipokuwa tunafunga geti akaja yule mama wa ng'ombe watatu, na toroli yake.

"Baba Nyambura! Unafunga? Sasa ng'ombe zangu zitakula nini?"

"Leo wale nyasi, mama."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tunaenda chuo kikuu."

Ulilisema neno hilo kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Nilirefuka shingo. Mama wa ng'ombe aliangalia gambuti za Kamau, akaangalia koti lako, akasema, "Haya, Mungu awatangulie," kama tunavuka mpaka wa nchi.

Jiji lilinimeza macho. Niliangalia majumba marefu mpaka shingo ikaniuma, nikagongana na watu, ukawa unanivuta mkono. Kamau alisimama mbele ya kila dirisha la duka kujiangalia na gambuti zake. Tulipita mahali panapouzwa chipsi na harufu ikatushika sote watatu, lakini ukasema tuvumilie, tutakula na Mama. Mueni alikuwa ametufungia chapati na mayai ya kuchemsha kwenye kiondo. Ulijifanya unajua njia. Nilijua hujui, kwa sababu uliwasalimia wauza magazeti watatu kwa zamu, na kila mmoja ulimuuliza habari za biashara kwanza, kisha, kama jambo dogo tu, "Hivi chuo kikuu ni upande huu, sindio?"

Getini askari alitusimamisha.

"Mnaona nani?"

"Mwanafunzi."

"Anaitwa?"

"Mama Nyambura," ukasema.

Askari alikuangalia, akaniangalia mimi na utepe wangu, akakazana asicheke. "Mzee, hapa hatuna mwanafunzi anaitwa Mama Nyambura."

Ulikohoa. Ukavua kofia. Kisha ukasema, polepole, kama mtu anayesoma jina hilo kwa mara ya kwanza, "Grace Wanjiku. Anasomea ualimu. Mwaka wa pili."

Nilishtuka. Nilijua Mama ana jina, bila shaka, lakini sikuwahi kulisikia likitamkwa na wewe. Wewe ulimwita Mama Nyambura, naye alikuita Baba Nyambura, nami niliamini nyinyi wawili mlitengenezwa kutokana nami. Pale getini ndipo nilipojua kuna mtu anayeitwa Grace Wanjiku, aliyekuwepo kabla yangu, na kwamba tumekuja kumtafuta.

Ndani palikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri kuliko zulia la kanisa letu, na wanafunzi wamelala juu yake wamejifunika vitabu usoni. Kamau aliwaonea huruma. "Baba, hawa hawana kwao?" Alitaka kujua nani huwachapa wakichelewa, na kengele iko wapi, na mbona hawana sare. Wewe ulijibu kila swali kwa sauti nzito ya mtu anayejua. Kengele, ulisema, iko ndani ya kichwa cha kila mwanafunzi. Mpaka leo sijasikia jibu zuri kuliko hilo.

Kwenye hosteli ya wanawake, yule mama mlinzi akakuambia wanaume hawapandi juu. Ukakaa kwenye ukuta mfupi chini ya mti wa jakaranda, kofia magotini, na sisi tukangoja. Ndipo akashuka Akinyi, aliyelala chumba kimoja na Mama. Alikuwa binti mdogo tu, pengine wa miaka ishirini, nywele amesuka rasta ndefu, suruali ya jinzi, na alipoona utepe wangu akapiga kelele, "Si wewe ndio Nyambura! Sasa wewe? Na huyu ni Kamau! Woi, mamako hutuongelesha juu yenu mpaka tunawajua kama mamemba wa chumba chetu." Kisha akakuona, akashusha sauti, akakupa mkono na kukupigia goti kidogo. "Shikamoo, Baba. Mathe ameenda laibrari. Anarudi saa hii."

Akatupandisha juu. Kamau alifurahia ngazi kuliko kitu kingine chochote. Gambuti zililia kwa-kwa-kwa mpaka mabinti wakatoa vichwa milangoni. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya juu na chini. "Hapo ndio kwa mamako," Akinyi akaonyesha. Ukutani, mahali ambapo macho ya mtu aliyelala huangukia, picha zetu zilikuwa zimebandikwa. Mimi na meno yaliyong'oka. Kamau kwenye karai. Wewe mbele ya duka, umekunja mikono.

Lakini godoro lilikuwa tupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa kamba. Juu yake palikuwa na begi la Mama lile kubwa la rangi ya kahawia, limejaa, zipu imefungwa mpaka mwisho.

Mimi nilifurahi, Baba! Nilifurahi sana. "Mama anakuja nyumbani na sisi leo?"

Akinyi aliangalia dirishani, akauma mdomo. Mimi sikungoja jibu. Nilikimbia ngazi zote, nikakufikia pale ukutani nikiwa sina pumzi, nikakuambia, "Baba! Mama amefunga begi! Amefunga na blanketi! Anarudi nyumbani!"

Hili ndilo nililomwambia Mama Jumapili. Nilimwambia jinsi ulivyoangalia kofia yako. Jinsi ulivyonivuta karibu, ukanifunga upya utepe uliokuwa umelegea, ingawa hukujua kufunga utepe na ulitengeneza fundo kama la gunia. Ukaniambia kwa sauti ya chini, "Nyambura, begi hilo hatujaliona. Sawa? Mama akitaka kutuambia, atatuambia. Sisi tumekuja kuona shule."

Nikasema sawa. Sikuelewa, lakini nilikuwa mwanao, na ulikuwa umeniaminia jambo.

Mara Mama akatokea kwenye kona, anatoka maktaba, mikono mitupu. Nafikiri aliona gambuti kwanza, maana Kamau alikuwa ameshushwa na Akinyi, anarukaruka kwenye majani makavu. Mama alisimama. Akaweka mkono kifuani. Kisha yule mwalimu wetu wa heshima, aliyetembea siku zote kama amebeba mtungi kichwani, akaanza kukimbia. Akapoteza kiatu kimoja njiani, hakukirudia. Mimi nilimrukia nikaning'inia shingoni kwake.

Kamau yeye alikwenda nyuma ya suruali yako. Uliona uso wa Mama? Mimi niliuona, kwa sababu uso wangu ulikuwa karibu na wake. Alichuchumaa, safari hii hakufungua mikono. Alingoja tu.

Kamau akatoa kichwa. "Hii ni shule yako?"

"Ndiyo, baba."

"Uko darasa la ngapi?"

"La pili."

Akafikiri. "Mimi niko nasari." Kisha, baada ya kuona kwamba wote wawili ni watu wa shule, akatoka nyuma yako, akampa mkono. "Nionyeshe dawati lako."

Akatuonyesha kila kitu. Maktaba tuliiona kupitia mlango wa kioo. Ofisi za wahadhiri zilikuwa zimefungwa, lakini alitusomea majina milangoni na kutuambia yupi ni mkali na yupi husinzia. Alianza akizungumza kwa haya, huku anakuangalia kwa pembe ya jicho kama anayengoja kuulizwa swali. Hukuuliza. Ulisema, "Enhe. Na hapa?" Kila tulipofika ulisema hivyo, "Enhe. Na hapa?" na kila mara sauti yake ilipanda kidogo.

Halafu ukumbi wa mihadhara. Viti vimepangwa kwa ngazi kama uwanja wa mpira, ubao umejaa ukuta mzima, na hakuna mtu, Jumamosi. Mimi na Kamau tulipanda na kushuka tukipiga makelele kusikia mwangwi. Wewe ulijibana kwenye kiti cha mbele, kile chenye kijimeza kinachokunjwa, tumbo likakataa kuingia, ukajipinda mpaka likaingia. Ulimaliza darasa la saba, Baba, ukaanza kubeba magunia. Ulikaa hapo, ukaweka kofia kwenye kijimeza, ukakunja mikono.

"Mwalimu," ukasema, "tufundishe kitu."

"Baba Nyambura, acha mchezo."

"Sichezi. Nimefunga duka."

Mama akacheka, akaona kwamba kweli huchezi. Akachukua chaki. Akasimama kidogo akitazama ubao ule mkubwa, kisha akachora mstari mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini, akageuka, na hakuwa tena yule mtu aliyekimbia bila kiatu. Alituambia juu ya Bonde la Ufa. Alituambia ardhi tunayoiona imetulia haijatulia, kwamba upande mmoja unavutwa huku na mwingine kule, polepole kuliko kucha zinavyoota. Kamau hakuamini. Basi Mama akatoa chapati kwenye kiondo, akaishika pande zote mbili, akaivuta, akaivuta, mpaka katikati ikawa nyembamba, ikashuka, ikapasuka. "Hapo," akasema, "ndipo Naivasha." Kamau akaomba Naivasha, akapewa, akaila.

Tulicheka mpaka vijana wawili waliokuwa wanapita wakachungulia mlangoni. Walidhani kuna kipindi cha ziada kabla ya mtihani. Waliingia kwa unyenyekevu, wakakaa nyuma, wakafungua madaftari! Mama hakuwafukuza. Aliendelea, sasa kwa sauti inayofika nyuma, akichora milima na maziwa, mkono wote umejaa chaki mpaka kwenye kiwiko. Wewe ukanyoosha kidole.

"Ndiyo, wewe mwenye koti."

"Mwalimu, sisi watu wa Kinoo tuko upande gani wa huo mpasuko?"

"Mashariki. Mkipanda mkapita Limuru, mtafika ukingoni na kuliona bonde lote."

"Na tutaanguka lini?"

"Bado sana. Utauza chakula cha ng'ombe mpaka uchoke."

Wale vijana walipiga makofi. Na mimi nikamwangalia Mama, akiwa amesimama na chaki, macho yanang'aa, jasho kidogo puani, nikafikiri: anaweza. Sikujua anaweza nini. Nilitaka tu kila mtu niliyemfahamu Kinoo awe pale, aone.

Tulikula mayai na chapati zilizobaki kwenye nyasi, tumejilaza kama wale wasio na kwao. Uliponyanyuka kupangusa koti, Mama naye akanyanyuka, akasema, "Baba Nyambura, kuna kitu..."

"Mitihani inaanza lini?" ukamkatiza.

"Jumatatu."

"Basi sisi twende usome."

Alikuangalia sana. "Na watoto?"

"Watoto umewaona. Wako na mimi. Wikendi ambayo huwezi kuja, sisi tutakuja. Jumamosi ni ya shule."

"Na duka?"

"Ng'ombe wa Kinoo watazoea."

Sikuwahi kuwaona mkishikana mikono, nyinyi watu wa kanisa na heshima zenu. Siku hiyo alikushika mkono kutoka kwenye nyasi mpaka getini, mkono wenye chaki, na uliporudi nyumbani koti lako lilikuwa na vidole vyeupe kwenye mkunjo wa kiwiko. Getini Kamau alimuuliza, "Utalala shule?" Mama akasema ndiyo. Kamau akafikiria hilo kwa uzito. "Wakikuchapa, uniambie. Kwaheri, Mama."

Alimwita Mama. Alisema hivyo tu, kama neno la kawaida, na akageuka kuangalia pikipiki iliyokuwa inapita.

Sasa nikupe usichokuwa nacho, Baba. Nimekipata Jumapili, mezani, na ninakutumia kikiwa bado cha moto.

Asubuhi ile Mama hakwenda maktaba kusoma. Alikwenda kurudisha vitabu. Ndiyo maana alitokea mikono mitupu. Alikuwa ameshamwambia Akinyi kwaheri, na alikuwa anapanga kufika nyumbani jioni hiyo na begi lake na kukuambia basi, imetosha, nimeshindwa, mtoto wangu hanijui. Alipotuona kwenye ukuta ule alidhani kuna msiba nyumbani. Kisha alidhani umekuja kumchukua. Anasema kila uliposema "Enhe. Na hapa?" alingoja useme, "Haya, twende nyumbani," na hukusema, na alipokuwa ameshika chaki alisahau kungoja.

Tulipoondoka alibaki getini mpaka gambuti nyekundu zikapotea kwenye watu. Alirudi chumbani akijiuliza atamwambia nini Akinyi. Akakuta kitanda kimetandikwa. Akinyi alikuwa amefungua kamba, ametandaza blanketi, amepiga mto ukafura, na amekaa kwenye kitanda chake mwenyewe anapaka rangi kucha kana kwamba hajui lolote. Akasema tu, "Mathe, hao watoto wako ni noma." Mama akalala kifudifudi akalia, kisha akaosha uso, akarudi maktaba kuomba tena vitabu vyake. Yule mama wa maktaba akamwambia, "Si umerudisha leo asubuhi tu?" Akajibu, "Nilikuwa nimekosea."

Mengine unayajua. Jumamosi ngapi tulikwenda, siwezi kukumbuka. Tuliwajua maaskari kwa majina na wao wakakuita Profesa. Watu wa Kinoo kweli walizoea, wakawa wananunua Ijumaa. Siku ya mahafali ulishindwa kusikia jina lake likisomwa kwa sababu ya kelele, ukatuamuru tumpigie makofi kila mtu asije akatupita, na tukapiga mpaka viganja vikavimba. Alifundisha sekondari, akawa naibu, akawa mwalimu mkuu. Uliishi ukayaona hayo. Moyo wako uliposimama ghafla, huko dukani, mchana mweupe, wanafunzi wake walijaza uwanja wetu kwa sare zao, na yule mzee wa Muthiga, aliyekutabiria kuachwa na mke wako akipata digrii, alibeba jeneza upande wa mbele.

Nilipomaliza kumwambia Mama kwamba ulijua, alisukuma kikombe kando. "Sasa mbona hakuniuliza?" akasema. "Miaka yote hiyo. Mbona hakuniuliza?" Nikamwambia maneno yako, yale ya ukutani, yote kama ulivyoyasema. Akainuka, akatoka nje, akasimama karibu na banda la kuku, mgongo kwetu. Kamau akataka kumfuata, nikamzuia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa anacheka, Baba, anacheka kama msichana. "Mzee yule!" akasema. "Mzee yule!" Kisha akaniambia nikikuandikia, kwa kuwa anajua huwa nakuandikia, nikuambie neno moja kutoka kwake. Ni hili: "Mwambie nimejua."

Wanangu walikuwa wanasikiliza haya yote midomo wazi. Kabla sahani hazijaondolewa walikuwa wameshaamua: lazima tupelekwe tukaone shule ya Cucu, nyanya yao. Basi ni Jumamosi hii. Mama ameshanunua viatu vipya na amenipigia simu kuuliza kama ukumbi ule bado upo. Kamau anakuja, amesema atagharamia chakula, nami nimemwambia tutaamini tukiona. Kijana wangu anataka kujua kama wanaruhusu mpira kwenye zile nyasi. Tangu Jumapili sijalala vizuri kwa furaha. Nimekuwa kama siku ile niliyomwambia hata jogoo.

Jana jioni, nikimsuka binti yangu, akaniuliza habari zako wewe babu yake, "Mami, na Guka je? Guka pia alisoma hapo?"

Mikono ikasimama kwenye nywele zake. Nikaona kijimeza kile, na kofia juu yake, na kidole chako kimenyooshwa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alisoma Jumamosi."

Pumzika, Baba, huku sisi tukivaa viatu.

Ni mimi binti yako,
Nyambura